Kichwa cha Jakaranda

Winny Oketch, mwenzangu wa timu, alinipiga gongo la uso siku ya Jumanne tukigombea kisahani, kile kipande bapa cha mpira mgumu kinachopigwa katika magongo ya barafuni, kando ya ukuta, nami nikatema jino juu ya barafu. Sisi wasichana wa Kayole hufanya mazoezi ya magongo kwa viatu vya magurudumu, lakini mara moja kwa wiki huingia katika ukumbi wa barafu ulio Barabara ya Mombasa, na huko kasi hupanda pamoja na hasira. Siwezi kumlaumu yeye peke yake. Mimi ndiye niliyemsukuma kwanza. Mdomo wangu ulishonwa nyuzi nne, na baba akatoa hukumu kabla ganzi haijaisha: fainali ya Jumamosi ya wiki iliyofuata nisingecheza.

Baba yangu, Mzee Kyule, ni mchonga vinyago wa Shauri Moyo. Nilimweleza kwamba kofia ngumu tulizopewa kama msaada zilikuja bila vikinga uso, na kwamba kosa halikuwa la mchezo bali la kucheza nyuso wazi. Alinisikiliza huku akinoa patasi. Kesho yake alimwendea jirani yake Omolo, fundi wa kuchomelea, wakatoka na kikinga cha vyuma vilivyosimama wima, imara kupita kiasi. Kocha Marion alinivisha, akakitazama kwa heshima, kisha akapitisha ncha ya gongo katikati ya vyuma hadi ikanigusa pua.

"Mzee, hii ni grili ya dirisha," alisema. "Inazuia mwizi. Gongo, haiwezi."

Omolo alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka. Aliniketisha kwenye kigoda, akanipima uso kwa vidole, kutoka nyusi hadi kidevu, kutoka sikio hadi sikio, kama apimavyo gogo. Kwa siku tatu alichonga kichwa changu katika mti wa jakaranda, ukubwa uleule, na hata pengo la jino hakulisahau. Juu ya kichwa hicho Omolo alikunja waya zilizopishana karibukaribu, zikakaa upana wa vidole viwili mbele ya pua. Kocha alijaribu ncha ya gongo kila mahali, haikupita.

Baba alibakiza sharti moja. Kichwa kingevishwa kofia na kikinga, kisha kipigwe visahani ishirini. Kikitoka na alama hata moja, nisahau barafu.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya fainali, ua wa karakana ulijaa majirani. Kocha alipiga kumi na tisa, watu wakihesabu kwa sauti moja, nacho kichwa kikayumbayumba juu ya pipa bila kuanguka. Cha ishirini, baba alisema, kipigwe na yule aliyening'oa jino.

Winny alikuwa amesimama langoni. Tangu Jumanne ile hatukuwa tumesemezana. Alichukua gongo, akaninong'oneza kama apunguze nguvu kidogo.

"Ukinionea huruma leo, itakuwa umenidanganya," nilimwambia. "Piga vile ulinipiga."

Alipiga. Kichwa kiliruka kutoka pipani, kikabingirika hadi miguuni mwa baba. Baba alikifungua taratibu, akapitisha kidole gumba juu ya nyusi, pua na midomo. Akairudia pua. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Jumamosi utacheza," aliniambia. Kisha akamsogezea Winny kigoda kwa mguu. "Nawe, binti, keti hapa. Mwenye mkono kama huo, uso wake utatafutwa na magongo mengi."

Vigelegele vilipaa juu ya mabati. Winny aliketi, akafumba macho huku akijizuia kucheka vidole vya baba vilipoanza safari kwenye nyusi zake. Nyuma yake wasichana wa timu walikuwa tayari wanasukumana kupanga foleni, naye Omolo akilalamika kwamba soko zima la Gikomba halina waya wa kutosha nyuso zote hizi.