Wewe Ulishaugua

Restuta hakuwa mwoga. Akiwa msichana alichunga mbuzi wa baba yake huko Mvumi, akalala porini fisi wakilia, wala asitikisike. Lakini mtajie tetekuwanga uone. Ilipita kijijini kwao akiwa mdogo, ikamruka. Ikaja tena bintiye Editha alipokuwa darasa la pili, na safari hiyo Restuta alimwachia mama mkwe mtoto, akahamia kwa jirani mpaka magamba yakadondoka. Alishasikia kwamba ikimpata mtu mzima inamfanya vibaya, basi akakaa nalo hilo moyoni miaka yote.

Kwa hiyo kijana wake Gerson alipotokwa na vipele usoni, mama mtu alisimama mlangoni pa chumba, akashika fremu, na hatua zake zikaishia hapo.

Gerson alikuwa utingo wa lori la mizigo ya mipakani, huko magharibi. Alirudi nyumbani Nkuhungu akitetemeka kwa homa, analalamika kichwa, mgongo, na mitoki iliyomvimba shingoni na kinenani hata kutembea akawa anachechemea. Wakasema malaria. Nani asingesema malaria? Wakamnunulia dawa mseto duka la dawa. Dawa ikaisha, vipele vikaja, na Restuta akaipa jina lake bila kuuliza mtu: tetekuwanga, hiyo hiyo. Gerson hakuwa amezaliwa ile ilipopita mara ya mwisho, kwa hiyo hesabu ilimkubali.

Sasa nani amwuguze? Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Editha. Na Editha, jamani, ndiye mtu ambaye Restuta alikuwa hamruhusu hata kunyanyua ndoo. Mimba mbili zilishamtoka huko kwa mume wake Kibaigwa, akazililia mpaka watu wakaogopa. Hii ya tatu ilifika mwezi wa saba, na mume akamleta kwa mama yake ajifungulie hapo, kama inavyofanywa kwa uzao wa kwanza. Restuta alimkorogea uji wa uwele asubuhi na jioni, akamkataza kuinama, akamkataza kufagia. Mjukuu huyo alikuwa ameshampa jina, ila hakulitamka.

Lakini Editha alikuwa na kovu juu ya nyusi, la ile tetekuwanga ya darasa la pili. Restuta alilitazama lile kovu, akafikiri vizuri kabisa, tusimwonee. Yeye akiingia atashikwa, na akishikwa atamletea mjamzito. Editha ameshamalizana nayo. Ndivyo watu wote wafanyavyo, aliyeugua ndiye huuguza.

"Wewe ulishaugua, haikupati tena," akamwambia. "Mwogeshe mdogo wako."

Editha akaingia. Akachemsha majani ya mwarobaini, akamkanda Gerson uso, kifua, miguu, akamfulia mashuka kwa mikono yake. Mama mtu alikuwa akisukuma sufuria hadi kizingitini na kurudi nyuma, akiwapa maelekezo kama msimamizi wa ujenzi.

Siku moja Editha alitoka na beseni, akasimama.

"Mama, mbona viko hadi viganjani? Na nyayoni. Mimi sikumbuki kuwa navyo nyayoni."

Restuta akamjibu kwamba alikuwa mtoto, atakumbuka nini. Editha akasema tena kwamba havimwashi, vinamwuma, na vyote vina umri mmoja, vigumu, vina kishimo katikati. Mama akasema kila mtu na damu yake. Ubishi ule alikuwa nao tangu ujana na haukuwahi kumletea hasara kubwa, basi akauamini.

Na gari la matangazo lilipita, tena si mara moja. Lilizunguka mitaa ya Nkuhungu kipaza sauti kikipasuka, likitaja homa, mitoki, vipele vya viganjani, msishikane, wahini kituoni. Restuta alisikia neno moja tu, homa ya nyani, akacheka na jirani ukutani. Nyani Nkuhungu atoke wapi? Wanawe hawajala nyani wala kufuga nyani. Akaendelea kuchambua mlenda wake.

Kisha Editha akaamka na homa.

Restuta alimshika shingo kumsikia joto, kwa sababu huyu hakumwogopa, huyu alishaugua. Chini ya taya vidole vyake vikakuta mitoki. Akaondoa mkono, akaurudisha, akatafuta upande wa pili. Ilikuwepo.

Siku hiyo hiyo Gladness, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuja kumjulia hali mjamzito kama kawaida yake. Akaamkia shikamoo, akamwona Gerson amekaa kivulini, akaishia pale pale alipokuwa amesimama. Aliomba amwoneshe viganja, kwa mbali. Kisha akaongea taratibu sana. Tetekuwanga, alisema, hutoka kwa mafungu, vipya na vikavu vikichanganyika, na viganjani ni nadra. Ugonjwa huu, ile homa ya nyani ya gari la matangazo, huanza na homa na mitoki, kisha vipele huja kwa pamoja. Hupita kwa kushikana, kwa majimaji ya vipele, kwa mashuka. Na aliyeugua tetekuwanga hana kinga yoyote kwa huu.

"Hata kidogo?" Restuta akauliza.

"Hata kidogo, mama."

Gari la wagonjwa likawachukua wote wawili, Gerson na Editha. Restuta, yule yule wa kushika fremu, alikimbilia mlango wa gari akitaka kupanda, akisema atamwuguza yeye mwanawe, atalala chini, atakula huko huko. Wakamkatalia kwa adabu. Kwenye kituo cha kutengea wagonjwa nako wakampokelea uji getini, wakamrudisha.

Gerson alipata nafuu upesi, vipele vikaanza kukauka. Editha vilimtoka usoni, viganjani, mdomoni hata kumeza kukawa kazi. Ikabaki simu. Kila asubuhi Editha alimpigia mama yake, akasema neno moja la mtoto wa tumboni, "Amecheza," na Restuta ndipo alipowasha moto. Kabla ya hapo hakunywa hata maji.

Asubuhi moja simu haikulia. Restuta akaiweka mapajani, akaifuta skrini kwa kanga, akaiweka tena. Jua lilipanda. Mwisho akapiga yeye.

"Mama," Editha akasema, "tangu jana hajacheza."

Restuta alimwambia anywe kitu kitamu. Alimwambia alale ubavu wa kushoto, wakati mwingine wanalala tu, wewe mwenyewe ulikuwa mvivu tumboni. Editha akasema ameshakunywa, ameshalala ubavu. Madaktari wameshapima, wanakuja kupima tena. Kisha Restuta akasikia pumzi ya mwanawe sikioni, karibu kabisa, wala hana cha kuifanyia.

Hodi ikapigwa uani. Alikuwa Gladness, aliyekuja kumkagua kama alivyofanya kila siku tangu wagonjwa wapelekwe. Hakuona simu iliyokuwa chini ya kanga. Alimpima joto, akamtazama chini ya taya, akamwomba afungue viganja. Restuta akavifungua. Vilikuwa safi, vyeupe kwa unga wa uwele.

"Mshukuru Mungu, mama," Gladness akasema kwa furaha ya kweli. "Ugonjwa umekuruka."

Restuta akaichomoa simu chini ya kanga, akaiweka sikioni. Hakuwa ameikata.

"Nimesikia, mama," Editha akasema. "Afadhali wewe."