Mama Pweza Ana Mikono Saba

Mkurugenzi mpya aliwaita wote mbele ya skrini kubwa, na watu wa studio wakajisogeza na vikombe vyao vya chai. Alikuwa kijana mtanashati, mchapakazi kwelikweli, na siku hiyo alikuwa na habari aliyoiona tamu. Watazamaji walikuwa wamepiga kura mtandaoni kuchagua makosa ya kuchekesha kuliko yote katika Nyumba ya Pweza, katuni ya vichekesho ambayo studio ile ilikuwa ikiitengeneza tangu nusu yao hawajaota mvi.

Vicheko vilianza mapema. Baba Pweza anaketi na kofia, anainuka bila kofia, anafika mlangoni kofia imerudi kichwani. Dirisha la jikoni linaonyesha jua, la sebuleni, wakati uleule, linaonyesha mwezi. Mtoto anafungua mdomo na sauti inayotoka ni ya babu mwenye kikohozi.

"Hiyo ni ile siku ya mafua!" fundi sauti akapiga kelele, na watu wakashika mbavu, maana waliikumbuka.

Kisha likaja kosa lililoshinda. Mama Pweza yuko jikoni, anakoroga, anapangusa, anamfunga mtoto nepi, na mshale mwekundu unahesabu mikono yake mmoja mmoja. Saba. Misimu ya mwanzo alikuwa na minane kama pweza yeyote. Baadaye saba, na ikawa saba moja kwa moja.

"Pweza mikono saba!" mkurugenzi akasema. "Watu wanatucheka mpaka basi. Sasa tutarekodi kipindi cha nyuma ya pazia, tujicheke wenyewe. Halafu kompyuta itauongeza ule mkono kwenye sehemu zote za zamani." Akamgeukia mchoraji. "Kifutio, wewe ndiye unayemchora. Utaiambia kamera kwamba ulipitiwa. Utani tu."

Mchoraji waliyemwita Kifutio, kwa kuwa alifuta kuliko alivyochora, hakucheka. Wakongwe wa studio nao walikuwa wameinamia vikombe vyao.

"Na mwenye sauti ya Mama Pweza atakuwepo?" akauliza.

Mkurugenzi alishusha sauti. "Huyo hapana. Hali yake unaijua. Kipindi ni cha kuchekesha, sitaki watu waingiwe na simanzi."

Kifutio akarudi mezani kwake kwa hasira.

Mwenye sauti hiyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Miaka ya nyuma uvimbe ulimwota kwenye mfupa, na madaktari wakamkata mkono kuanzia begani ili wamwokoe. Siku aliyorudi kazini, mkono wa gauni ukiwa umebanwa kwa pini, watu wote walimsemesha kwa sauti za msibani. Yeye akavuta kiti mezani kwa Kifutio, akamtazama Mama Pweza kwenye karatasi.

"Wifi, huyu ana mikono minane ya nini, na mimi nimebaki na mmoja? Mpunguze."

"Nitafukuzwa kazi!"

"Ukifukuzwa utakuja kunioshea vyombo. Mimi si sina mkono?"

Walicheka huku machozi yakiwatoka. Siku hiyohiyo Kifutio alichora saba, na bosi wa enzi zile, ambaye hakuwa mtu wa kuhesabu, akapitisha.

Ndiyo maana alipotoka kazini siku ya mkutano alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake. Alimkuta anapiga pasi, upindo wa shuka ameugandamiza kwa jiwe ili usiteleze.

"Anataka niseme nilipitiwa," Kifutio alisema.

"Ulipitiwa?"

"Wifi!"

"Nakuuliza tu. Na mimi kasema nini?"

Kifutio akasita. "Kasema utawatia watu simanzi."

Wifi mtu akaisimamisha pasi. "Mimi? Ninayewachekesha mpaka wanapaliwa? Nilikatwa mkono, sikukatwa ulimi." Alivuta pumzi. "Wewe usikubali kusema ulipitiwa. Yangu niachie mwenyewe."

Siku ya kurekodi, Kifutio aliketi mbele ya taa kali. Mkurugenzi alimuuliza kwa uchangamfu ilikuwaje mkono wa nane ukapotea.

"Haukupotea," Kifutio alijibu. "Niliuondoa kwa makusudi, na nitamchora hivyohivyo mpaka nistaafu."

Wakazima kamera. Akabembelezwa, wakawasha tena, akasema yaleyale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Mkurugenzi akakunja uso. Akasema kama ni ubishi, basi Mama Pweza atapewa mchoraji mwingine, yeye apake rangi kuta na mapazia.

"Sawa," Kifutio alisema, akaenda kupaka mapazia. Lakini hakufuta neno lake.

Ikafika zamu ya sauti. Katika kazi ile sauti hutangulia: waigizaji hurekodiwa kwanza, kisha wachoraji hufuata maneno yao, mdomo kwa mdomo, kiungo kwa kiungo. Msimu mpya ulifunguliwa na Mama Pweza akimfundisha mtoto kuhesabu kwa mikono yake. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeagiza tukio hilo, ili minane ionekane wazi.

Wifi aliingia kwenye chumba cha kioo, akavaa vipokea sauti, akashika kiuno.

"...tano, sita, saba. Basi, mwanangu, imeisha."

"Mama," mkurugenzi akasema kupitia kipaza sauti, "skripti inasema nane."

"Naiona."

"Basi rudia."

Akarudia. "...sita, saba. Imeisha. Hata ukinuna, imeisha."

Sauti ya mtoto ilikuwa ya mwigizaji mmoja mwenye kitambi na masharubu. Yeye naye, bila kuambiwa na mtu, akalalamika kwa kisauti chembamba: "Mbona mama wa jirani ana minane?"

"Kama unampenda sana wa jirani, nenda akakuogeshe. Mama yako ni mimi."

Fundi sauti alilala juu ya mitambo kwa kicheko. Watu walitoka vyumba vingine kuja kusikiliza, na Kifutio akasimama mlangoni na brashi yake ikidondosha rangi sakafuni.

Mkurugenzi akaingia kwenye chumba cha kioo. "Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nilipotoka hospitali," mama yule akamwambia, na sasa hakuwa na utani, "nilikuwa siwezi kujitazama kwenye kioo. Huyu niliweza kumtazama. Nilimwona anapika, analea, anagombana na mumewe, na mkono umepungua. Nikasema, kumbe inawezekana. Leo unataka kumwotesha mkono. Na mimi utaniotesha?"

"Hakuna aliyeniambia," kijana akasema.

"Hukuuliza. Uliniona, ukaamua mimi ni simanzi, ukapita."

Mkurugenzi angeweza kutafuta sauti nyingine, lakini sauti ile ilijulikana kila nyumba yenye mtoto. Akatazama nje ya kioo. Hakuna aliyekuwa akicheka tena, na hakuna aliyeondoka.

"Zipo sehemu zilizokwisha kurekebishwa," akasema polepole. "Zimesharushwa hewani."

"Basi hizo ndizo zenye kosa," Kifutio akasema pale mlangoni. "Hilo mtalieleza wenyewe, mimi simo."

Mkurugenzi akamwomba arudi kwenye meza yake ya kuchorea.

"Nitarudi wifi yangu akishaketi mbele ya kamera. Yeye mwenyewe, siyo sauti yake."

Mkurugenzi hakufurahi, ila alikubali, na kurekodi kukaanza upya. Mama yule alikuja amevaa gauni lisilo na mikono, jekundu, la kwendea harusini. Mpambaji akamletea shali, akaifungua taratibu upande wa lile bega.

"Ya nini hiyo?"

"Nimeagizwa tu, mama. Wanasema taa ni kali."

"Waliokuagiza wapelekee wajifunike macho." Akajiweka sawa kitini, bega likiwa wazi kwenye mwanga, akamtazama mpiga picha. "Washa, baba. Niulizeni mnachotaka."