Abiria wa Dakika ya Arobaini

Nimeota jana, na kabla hujaniuliza, sikulala na njaa wala sikula kiporo. Nilijilaza kama mtu mwingine yeyote, usingizi ukanipakia ndegeni bila tiketi. Nikajikuta nimekaa juu ya mawingu, mkanda nimefunga, mkononi nimeshika maikrofoni yangu ya kazini.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Mimi naitwa Nyamizi, natafsiri filamu kwenye kibanda umiza kimoja hapa Kahama. Filamu inakuja na Kiingereza chake au Kichina chake, mimi nakaa pembeni ya runinga na kuwaambia watazamaji kwa Kiswahili nani kasema nini. Nisipoelewa walichosema, natunga. Steringi, yaani shujaa wa picha, kila mara namwita Kashinje. Adui nampa jina la yeyote aliyeniudhi wiki hiyo.

Picha zinazojaza kibanda kuliko zote ni za ndege iliyo hatarini, na kanuni zake nazijua kama Baba Yetu. Rubani anazimia. Bomu liko kwenye mizigo. Anayemwonyesha jirani picha ya mchumba wake hafiki. Steringi hafi. Na dakika ya arobaini, adui anamuua abiria mmoja asiye na jina, ili tuone kwamba adui hana utani. Hapo ndipo ninapochekesha. Abiria akishasimamishwa tu, nasema, "Muageni huyu jamani, safari yake imeishia hapa!" Kibanda kizima hoi kwa kicheko.

Basi, ndegeni. Kiti cha dirishani, ubavuni mwangu, ameketi mama wa makamo mwenye koti la kahawia, amepakata mkoba mkubwa. Ananitazama kama karani anayemtazama mtu aliyeruka foleni.

"Wewe ndiye ile sauti," akasema.

"Sauti gani, mama?"

"Ya kule nje. 'Muageni huyu jamani.' Ndiwe."

Nilitaka kukana, lakini mwenye maikrofoni mkononi anakanaje?

"Mimi ndiye wa dakika ya arobaini," akasema, kwa utulivu wa mtu anayejitambulisha kwenye kikao cha wazazi. "Hii na zile nyingine zote. Wananibadilisha koti tu. Nimeshakufa mara mia mbili na kumi na mbili."

"Pole sana, mama."

"Pole yako naipokea, ila hainifikishi. Ninakwenda kwa dada yangu. Kila picha ninakwenda kwa dada yangu, na sijafika hata siku moja. Anapika, ananingoja, chakula kinapoa. Nina hakika anadhani nimemsusia."

Niliona aibu, ile ya kweli, inayoanzia masikioni. Miaka sita nimelipwa vicheko kwa kifo cha mama huyu, na sikuwahi kujiuliza alikuwa anakwenda wapi.

"Leo utafika," nikamwambia.

"Wewe nani hata uniahidi?"

Nikajifanya nakaza mkanda.

Sanduku jeusi, lile linalorekodi safari ya ndege, likapita likisukuma toroli la chai. Lilikuwa la rangi ya machungwa.

"Wewe mbona si jeusi?" nikaliuliza.

"Na wewe mbona si rubani, na umo?" likajibu. "Kuku au samaki? Dakika ya thelathini na moja hii. Narekodi."

"Samaki. Dakika ya arobaini kutatokea nini?"

"Mimi najua yaliyopita tu, dada. Yakishaingia kwangu ndiyo yametokea, yasipoingia hayajatokea." Likanipa kuku, likaenda zake.

Ndege ikatikisika. Barakoa za hewa zikaanguka kutoka darini, na ya kwangu ikakohoa kidogo, ikatangaza, "Jivalishe wewe kwanza, ndipo umsaidie mwenzako."

"Nilikotoka mimi mkubwa hutangulia," nikasema, nikamvalisha mama.

"Umevunja kanuni."

"Nimeanza tu."

"Nitakuripoti," ikasema barakoa, na kweli ikajivuta juu kwa kamba yake kwenda kuripoti.

Nikamshika mama mkono twende tukamtafute steringi. Tunapita katikati ya viti, na hatua ya tano si ndegeni tena, ni zahanati ya kata. Mabenchi, ukuta wa rangi ya bluu mpaka kiunoni, abiria wameshika vyeti. Mhudumu wa ndege amevaa gauni la nesi na anapanga foleni.

"Wa kuponea chupuchupu, mkono wa kulia! Wa majeraha madogo, kushoto! Wa dakika ya arobaini, aje mbele!"

Mama akanyoosha mkono. Mazoea yana taabu. Nikaushusha.

"Hayupo," nikasema.

"Nimeona mkono wake," akasema nesi.

"Mkono upo. Mwenyewe hayupo."

Akafikiri, akaandika hivyohivyo kwenye daftari. "Mkono upo, mwenyewe hayupo. Haya, atakuja adui mwenyewe kumtafuta."

Steringi tulimkuta benchi la mwisho, vifungo vya shati vitatu wazi, ananusa kichupa cha pombe. Alikuwa na kidevu cha kuvunjia nazi.

"Bwana Kashinje," nikasema, "wanataka kumuua huyu mama. Zuia."

"Siwezi kabla ya dakika ya arobaini na moja," akasema. "Lazima auawe kwanza, mimi nikasirike. Nikikasirika ndipo ninapokumbuka kwamba zamani nilikuwa komando."

"Kasirika sasa hivi."

"Kwa lipi?"

"Mimi hukasirika umeme ukikatika. Hukasirika nikikuta wali umeungua. Sijawahi kuhitaji maiti."

"Ndiyo maana wewe si steringi." Akamgeukia mama kwa upole mwingi. "Usiwe na wasiwasi. Nitakulipizia kisasi kizuri sana."

"Sitaki kisasi," mama akasema. "Nataka kwenda kwa dada."

Hapo damu ilinichemka. Watu wazima wawili tumesimama mbele yake, na shujaa wa watu anaomba amfie ili apate hamu ya kazi! Nikamwambia, "Basi leo utaokoa ndege ukiwa na furaha zako. Kaa hapo."

Mabenchi yakawa viti tena. Pazia la mbele likafunguka, akatoka adui, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, bastola mkononi. Akasema maneno marefu kwa lugha yake. Hakuna aliyeelewa. Abiria wote wakageuka kunitazama mimi, na adui naye akanigeukia, anangoja kusikia amesema nini.

Nikaelewa kazi yangu humo ndani. Nikawasha maikrofoni.

"Anasema samahani kwa usumbufu. Miguu inamuuma. Anaomba kiti."

Adui akatazama miguu yake kwa mashaka. Mzee mmoja akamsogelea akampisha. Akaketi. Sanduku jeusi likamletea chai.

Akanywa kidogo, akakumbuka jambo, akasimama na kubwata, mate yanaruka.

"Anasema chai hii tamu, ila bastola inamsumbua kushika kikombe. Si yake hata hivyo, shemeji yake alimwomba amshikie."

Akaitazama bastola kama anaiona kwa mara ya kwanza. Akaiweka juu ya toroli, kati ya maziwa na sukari.

Mama akanibana kidole. Sikuwahi kuipenda kazi yangu kama dakika ile.

Ndipo zikaanza mbinja. Nikatazama dirishani. Huko nje, juu ya mawingu, watazamaji wangu wote wa Kahama wamekaa kwenye mabenchi yao, wanatafuna karanga. Mbele kabisa yupo Shija fundi baiskeli, ambaye hajawahi kukosa picha ya ndege.

"Nyamizi!" akapiga kelele kupitia kioo. "Dakika ya arobaini hii! Mbona hafi?"

"Leo hafi mtu, Shija."

"Unatuharibia picha! Asipokufa tutajuaje kama adui ni mkali?"

"Mwulize mkeo kama ukali mpaka uue."

Benchi zima likamcheka, naye akaendelea kupiga mbinja, safari hii kwa hasira. Wengine wakasimama, wakatishia kuhamia kibanda cha jirani. Ni chakula changu kile kilichokuwa kinasimama. Nikawaambia waende, na wafunge mlango, mawingu yasiingie.

Saa ya bomu ikatokea njia ya katikati. Ilikuwa fupi, namba nyekundu usoni, nyaya mbili zinaning'inia, na mwendo wa afisa aliyeitwa kutoka likizo. Usoni imeandikwa arobaini kamili.

"Nani amezuia?" ikauliza.

"Mimi."

"Dakika ya arobaini haipiti tupu. Mimi sisogei mpaka mtu afe."

Ikasimama, na ndege nayo ikasimama hewani kama lori lililoishiwa dizeli. Injini kimya. Chai ya adui ikaacha kufuka moshi.

"Anasema—" nikaanza, lakini saa ikaunyanyua waya wa maikrofoni yangu na kuuchomoa.

"Mtafsiri hutafsiri yaliyosemwa," ikasema. "Huyu mama hajasema kitu. Katika skripti nzima ana neno moja, na lenyewe ni 'Aaa!' Akilisema tu tunaendelea."

Nilisema mengi. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Niliona adui anaamka kutoka kwenye upole niliomvisha, kipande kwa kipande, kwanza macho, kisha mabega. Akaichukua bastola yake kutoka kwenye sukari. Akamnyooshea mama. Steringi akajiweka sawa kitini, tayari kukasirika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa macho. Nilijitupa mbele ya lile koti la kahawia, na mama akanisogeza kando kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayefungua pazia.

Akasimama wima. Akavua barakoa. Ndege nzima na mawingu yote yakangoja ile "Aaa!"

"Sifi," akasema.

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ile aliyozungumza nami kitini. Katika vifo mia mbili na kumi na viwili sikuwa nimewahi kuisikia hivyo.

"Hilo halipo kwenye skripti," ikasema saa.

"Sasa lipo. Mimi naitwa Eufrazia. Nina dada. Nina goti linaloniuma wakati wa mvua, na nimechoka kuliangukia goti hilohilo. Nimewafia vya kutosha. Anayetaka maiti atoe ya kwake." Akaligeukia sanduku jeusi. "Umenasa?"

"Nimenasa," likasema sanduku. "Dakika ya arobaini, Eufrazia, hakufa. Limeshaingia. Limeshatokea."

Namba usoni mwa saa zikatetemeka. Arobaini na moja.

Injini zikanguruma. Mama Eufrazia akamtazama adui, akamwambia kwa Kiswahili kitupu, "Nawe kaa chini, unamwaga chai." Na yule mtu, bila mtafsiri, akakaa.

Steringi akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Na mimi je? Nifanye nini bila hasira?"

"Una mabega," mama akasema. "Utashusha mizigo."

Alifurahi. Nafikiri hakuna aliyewahi kumpa kazi inayoisha.

Mama akarudi kwenye kiti chake cha dirishani. "Sijawahi kuiona dakika ya arobaini na moja," akaniambia. "Ina nini?"

"Mawingu tu, mama," nikasema, sauti yangu imerudi. "Sehemu kubwa ya picha ni mawingu."

Akayatazama yote, moja moja, hakutaka kupoteza hata moja. Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nje, Shija amesimama juu ya benchi, karanga zimemwagika.

"Sasa anakwenda wapi?" akauliza.

"Kwa dada yake," nikamjibu.

Shija akafikiri. "Haya, tukae tuone," akawaambia wenzake, na waliokuwa wameondoka wakaanza kurudi mmoja mmoja wakijifanya walikwenda haja.

Ndege ikatua mbele ya nyumba ya bati, mlangoni kabisa, kama bodaboda. Steringi akateremsha mkoba. Mama Eufrazia akashuka ngazi akishika goti. Hakugeuka kunipungia, mwenye haraka hana muda huo, na mimi nikaona mlango wa ile nyumba unafunguka kutoka ndani. Hapohapo nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye mto wangu. Nikalala nikitazama dari, najiambia kwamba ni ndoto, na kwamba saa nane nina picha ya ndege ya kutafsiri kama kawaida. Simu ikaita mlio wa ujumbe.

Namba yangu si siri. Naitaja mwanzo na mwisho wa kila filamu, anayetaka kutoa oda anipigie, hivyo kila aliyemo ndani ya picha zangu ameisikia mpaka kuchoka. Lakini ujumbe huu ulitoka kwa mtu nisiyemjua, na pale namba ya mtumaji inapokaa palikuwa patupu. Nikausoma nimekaa kitandani, kisha nikausoma tena nimesimama.

"Nimefika, mwanangu. Dada amezeeka, ila kanitambua. Tunakula."