Kitabu cha Mbuke

Philomena hakujua Kiingereza cha vitabuni. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza pale Shinyanga, mwaka 1953, na kamati ya maktaba ilimpa sanduku la vitabu vya picha vya Kiingereza achague kimoja. Kitasomwa mbele ya watoto, wakikifurahia, kinunuliwe. Basi akachagua kwa macho. Angefanyaje?

Akaona picha ya mtoto mwenye gongo, mguu umepooza, yuko katikati ya duara la wenzake waliofungua midomo na kumnyooshea vidole. Moyo ukamruka kwa furaha. Nani Usukumani hajaona Wagika na Wagalu, vyama viwili vya wachezaji, wakishindana kwa ngoma? Anayecheza vizuri ndiye anayezungukwa, ndiye anayenyooshewa vidole na kushangiliwa! Na nyumbani alikuwa na Mbuke, binti yake kiwete, ambaye hajawahi kucheza na mtoto wa mtu. Akitoka tu, wanamkimbia.

"Kuna kitabu chako," akamwambia. "Kiwete anacheza, wenzake wanamshangilia. Siku ya kusomwa na wewe utacheza." Wakawa wanafanya mazoezi uani kila jioni.

Siku ilipofika watoto wakajaa tele, Mbuke naye kaketi pembeni na gongo lake. Bwana Cornel, mwenyekiti wa kamati, msomi mwenye maringo yake, akakishika kitabu na kutafsiri kwa sauti.

"Huyu ni mvivu aliyemdanganya mama yake. Mungu akamlemaza mguu. Tazameni, wenzake wanamcheka!"

Watoto wakaangua kicheko. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, jamani! Philomena akanyanyuka amwahi binti yake, lakini Cornel alishamwona.

"Ahaa, huyu hapa! Njoo mtoto, waoneshe kiwete anavyotembea."

Mbuke hakujua Kiswahili; alipoona anaitwa, akajua zamu yake imefika. Akaingia katikati na gongo lake, akacheza. Akatikisa mabega kama alivyofundishwa, akaanguka, akainuka, akacheza tena. Watoto walicheka hadi machozi, midomo wazi, vidole juu. Na lile jitu zima Cornel nalo likajishika mbavu!

"Hakuna cha kujadili," alisema. "Kinunuliwe. Mwalimu, umechagua vizuri sana."

Philomena akambeba mtoto mgongoni, akatoka bila kuaga. Mbuke alikuwa anahema, jasho linamtiririka, uso umejaa raha.

"Mayu," akamwambia mama yake, "umeona walivyonipenda? Kesho unirudishe."