Miezi Minane Bila Kikohozi

Kwa miezi minane Rosina aliidanganya karatasi ya Sista Elvina, wala hakuona haya. Kila mwezi muuguzi huyo alipanda mlima wa Gumine akihema, akaketi kwenye gogo nje ya nyumba na kuuliza maswali ya utafiti wa vile vijiti viwili alivyowekewa Rosina chini ya ngozi ya mkono asishike mimba. Kichwa kinauma? Hapana. Moyo unakwenda mbio? Hapana. Damu inatoka bila mpangilio? Hapana, Sista, mkavu kabisa.

Damu ilikuwa inatoka. Siku kumi, inakata tatu, inarudi. Lakini Rosina alikuwa na sababu. Baada ya mtoto wa nne alishushwa mlima ule kwa machela, saa tano nzima, na daktari wa mjini Kundiawa akamwambia mimba ya tano itamuua. Akaapa hazai tena. Angesema ukweli, Siune mumewe angejua, na vijiti vingetolewa siku hiyo hiyo. Kwao mwanamke mwenye damu hampikii mwanamume. Hukaa kwenye kibanda chake pembeni mpaka akauke. Akipika, mwanamume aliyekula hukauka kifua, akakohoa, akazeeka kabla ya siku zake. Rosina mwenyewe aliamini hivyo, msimcheke. Wiki ya kwanza alipika, kisha akawa anamsikiliza Siune anavyopumua.

Juzi Siune aliona vitambaa vyake vya damu vimeanikwa nyuma ya zizi la nguruwe. Leo Sista alipofika, alimkuta amesimama mlangoni, uso umemvimba kwa hasira.

"Vitoe hivyo vijiti. Mke wangu anavuja."

"Baba, naomba nizungumze na mama peke yake."

"Uwanja wangu, mke wangu. Zungumza!"

Sista akamgeukia Rosina. "Mama, uliniambia mkavu. Kumbe miezi yote nimepeleka uongo mjini?"

"Umepeleka, Sista. Nisamehe. Leo andika ukweli."

"Haya. Damu ya namna hii huwatokea wengi. Nitakupima, na ukiwa na damu ya kutosha mwilini, si ya hatari."

"Si ya hatari kwa nani?" Siune akafoka. "Nyie watu wa pwani hamjui kitu! Anayekufa ni mimi! Imeanza lini?"

Rosina alikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni: jana. Akachoka nao.

"Tangu vilipoingia. Miezi minane."

"Na nani alikuwa ananipikia?"

"Mimi."

Siune akajishika kifua, akakipapasa kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Kohoa," Rosina akamwambia.

"Nini?"

"Kohoa, Baba Bomai, tukusikie. Umekula viazi vyangu, umekula mboga zangu, hata nguruwe wa harusi ya dada yako nimemkata mimi. Mwezi wa tano ulibeba nguzo ya nyumba peke yako, ukatutambia kijiji kizima. Suruali hizo zinakubana. Sista, andika: mwanamume mmoja, miezi minane. Madhara, kitambi."

Sista aliinamia karatasi yake, mabega yakimtikisika.

"Umenifanyia majaribio!" Siune akapiga kelele. "Bila kuniuliza!"

"Sikukuuliza. Na wale watoto wanne, wewe uliniuliza?"

Siune akamsogelea hatua moja. Halafu akasema polepole, "Vitoke, au urudi kwa kaka zako leo."

Hapo Rosina aliogopa kweli. Kaka zake wako ng'ambo ya mto, na watoto wangebaki huku. Akapandisha mkono wa blauzi, vijiti vikaonekana vimetuna chini ya ngozi.

"Nitarudi navyo. Wataniuliza kosa langu, nami nitawaambia ulichokula miezi minane. Wanaume wote wa ng'ambo watajua. Chagua."

Siune hakuchagua. Aliuacha mlango, akaenda kusimama kando ya zizi.

"Mwenye mkono ndiye anayeombwa jibu," Sista akasema. "Mama, unataka vitolewe?"

"Sitaki."

Sista akaandika. Akamtoboa kidole, akampima, akakuta damu imepungua kidogo, akampa vidonge vya kuiongeza na kumwonya asimfiche tena. Kisha akashuka mlima.

Rosina alikwenda kwenye kibanda chake mchana kweupe, mara ya kwanza tangu vijiti viingie, akanyoosha miguu. Kwa mbali alimsikia Siune akigombana na moto. Harufu ya viazi vilivyoungua ikamfikia, naye akafurahi bila kificho.

Jua lilipoanza kushuka, Siune alikuja mpaka karibu na kibanda, mahali ambapo mwanamume hafiki, ameshika kiazi kibichi.

"Mama Bomai. Nipikie."

"Nina damu."

"Najua."

"Na utakula?"

"Nina njaa, mwanamke!"

Rosina akajigeuza, akamwonyesha mgongo.

"Mila hairuhusu, Baba Bomai," akasema. "Nisije nikakukausha kifua."