Saa Tisa na Meneja

Mkaguzi wa majengo alikuwa mtu mwema, mchapakazi, asiyechelewa popote, ila alikuwa na kasoro moja iliyojulikana na ukoo mzima wa mkewe: akianza kuzungumza, watu walisinzia. Si kwamba alisema mabaya. Sauti yake tu ilikwenda vilevile, haipandi wala haishuki, kama pangaboi, na habari zake zilikuwa za misingi, mifereji na nyufa. Mashemeji walimwita Ripoti. Naye aliitika, akidhani ni heshima.

Siku ya kumhamisha mama mkwe, yeye ndiye aliyetumwa. Mkewe alibaki kuandaa chumba. Lori la vyombo lilikuwa limetangulia, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa mama mkwe, mkoba wake, na paka. Paka huyo aliitwa Meneja, kwa sababu hakuwa na kazi yoyote lakini hakuna aliyefanya kazi katika nyumba ile bila kusimamiwa naye.

Kumwingiza Meneja kwenye kasha la plastiki kulichukua nusu saa. Ripoti alimsukuma kichwa kwanza, na paka akatanua miguu yote minne, akang'ang'ania kingo kama bosi anayekataa kutolewa ofisini. Mama mkwe alimtazama mkwewe akihangaika. Alipotosheka, akalisimamisha kasha wima, mlango ukielekea juu, akamshusha paka makalio kwanza, taratibu, na kufunga. Ripoti alishukuru huku akifuta mikwaruzo mikononi.

Kasha lilifungwa mkanda kiti cha nyuma, ndani yake shuka kuukuu la mama ili paka asikie harufu ya nyumbani. Asubuhi hiyo hakupewa chakula, maana daktari wa mifugo alionya kwamba angetapika njiani. Daktari alionya mengi, ila hakugusia kelele.

Meneja alianza kulia kabla hawajafika barabara kuu. Ilikuwa sauti ndefu, ikianzia chini na kupanda, sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba. Kilomita hamsini hakupumua. Waliwasha redio, akaishinda. Walifunika kasha kwa kitambaa, akalilia gizani. Mama mkwe alimbembeleza kwa majina yote aliyowahi kumwita, akazidisha.

Safari ilikuwa ya saa tisa, na wawili hao hawakuwa na mazoea ya kuzungumza. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakisalimiana vizuri, wakiulizana afya, kisha kila mmoja akitafuta pa kuelekeza macho. Miezi mitatu iliyopita mambo yalizidi kuwa magumu. Ripoti alikagua nyumba ya mama mkwe na kutangaza kwamba ukuta wa jikoni hauaminiki, na kwamba mtu mzima hapaswi kuishi humo peke yake. Mama hakubisha. Alianza kufungasha, lakini tangu siku ile alimjibu mkwewe kwa neno mojamoja.

Walipolipita ghorofa lililokuwa likijengwa, Ripoti, kwa mazoea ya kazi, akasema mafundi wale wamewahi mno kuondoa mbao za kushikilia zege, nalo halijakomaa. Akaeleza linavyokomaa, siku ya kwanza, siku ya saba. Alipofika siku ya kumi na nne akagundua gari limekuwa kimya. Akanyamaza kusikiliza. Meneja akaanza upya.

“Endelea,” mama mkwe akasema. “Zege lilifika siku ya ngapi?”

Basi akaendelea. Alimaliza zege akaingia kwenye kokoto, akatoka huko akaenda kwenye mabomba na mashimo ya maji taka. Kila alipomeza mate, kule nyuma sikio moja lilisimama. Kwenye kituo cha mafuta aliongea akiwa amechungulia dirishani, na mhudumu aliyeshika pampu akapiga miayo mara mbili. Mama alimwekea paka maji, paka akayatazama kama aliyeletewa barua isiyo yake.

Saa ya sita ya safari, kichwa cha mama kilikuwa kimeegemea kioo, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Ripoti alikuwa ameshaezeka paa na kupaka rangi. Jengo lilikuwa limekwisha. Akapiga moyo konde, akaanza kusema lililokuwa karibu zaidi.

“Ukuta ule, Meneja, haukuwa mbaya kiasi kile,” alisema kwa sauti ileile ya mifereji. “Ufa upo, lakini fundi angeuziba kwa siku mbili. Nilitia chumvi. Simu ikilia tu mke wangu anashtuka, anadhani mama ameanguka bafuni. Na mimi mama namwogopa. Ningemwambia nini? Kwamba tunamtaka tu akae na sisi?”

“Ndiyo,” mama mkwe akasema, macho amefumba. “Ungeniambia hivyo hivyo.”

Nyuma yao Meneja akaanza kulia, na kwa muda hakuna aliyemjali.

Mama alirekebisha miwani yake. Akamsimulia kwamba wiki ile ile ya ukaguzi alimwita mwashi mmoja, akaugongagonga ukuta, akacheka, akamwambia ukuta huo utamzika yeye pamoja na paka wake.

“Sasa mbona ulikubali kuhama, mama?”

“Miaka miwili nimengoja mtu aniambie njoo. Nilipoona mmefika mahali pa kuusingizia ukuta, nikajua mwaliko mwingine hauji.”

Ripoti aliomba radhi. Akajibiwa kwamba radhi imepokelewa, ila kununa kutaendelea hadi Jumapili, kwani alikuwa ameshakuzoea. Akauliza kama mkewe aambiwe. Mama akasema ni juu yake, ila yeye mwenyewe angependa kuwepo akisikiliza. Kisha akaashiria kiti cha nyuma, akamwomba arudie yale ya mabomba, maana hapo kati alipitiwa na usingizi kweli.

Walifika jua likiwa bado juu. Kasha lilipofunguliwa chumbani, Meneja alikwenda moja kwa moja nyuma ya kabati, na hakutoka siku mbili. Ripoti hakusubiri chai. Alisema yote pale pale, mkoba wa mama ukiwa bado mkononi. Mkewe alimtazama, akamtazama mama yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama mama anataka kurudishwa.

Mama alikuwa ameshavua viatu. Alisema kitanda kimewekwa vibaya, yeye hulala akitazama dirisha. Ripoti akakigeuza. Kisha akakigeuza tena, kwa sababu mama alibadili mawazo.