Siku Gobori Lilipobuma

Neno lenyewe lililetwa kijijini Chumbi na Miraji, muuza mitumba, miaka ile maduka yalipoanza tena kujaa sabuni na vitambaa. Kila alipokwenda Dar alirudi na robota la nguo na neno jipya. Safari hiyo lilikuwa kubuma. Bunduki ikikataa kulia, imebuma. Muda si muda andazi lisiloumuka limebuma, posa iliyorudishwa imebuma, hata kuku aliyeatamia mayai viza naye kabuma.

Aliyevishwa neno hilo ni Mzee Sufiani, mlinzi wa mashamba ya mpunga, mwenye gobori pekee kijijini. Wiki ya kwanza ya Ramadhani alisema mwenyewe kwamba nguruwe aliingia kwenye maboga yake, akamlenga, gobori likabuma. Tangu siku hiyo akipita, vijana humwita Mzee Buma. Yeye hutabasamu, akapita.

Bi. Mwanabaraka alikosa raha, maana nguruwe yule alikuwa yeye.

Kwake walikuwa wamefuturu muhogo mtupu siku tatu, na siku ya nne akaliona boga la Mzee Sufiani limelala pale limenona kama mtoto wa tajiri. Akaingia kwa kuinama, akalikata. Tamimu, jirani aliyekuwa akiwinga ndege juu ya dungu la pili, aliona majani yanatikisika, akapiga ukelele wa nguruwe. Bibi alipoinua kichwa, mdomo wa gobori ulikuwa unamtazama, na nyuma yake jicho la Mzee Sufiani. Gobori likibuma, fataki ya kuwashia baruti hulia "ta". Siku ile hapakulia kitu. Mzee aligeuza uso, akakohoa, akaanza kukagua paa la dungu lake kama linavuja, na jua linawaka. Tamimu alipouliza mbona kimya, akajibiwa, "Limebuma."

Sasa mwenyekiti Haruni ameitisha mkutano. Gobori lihamie kwa Miraji.

"Mzee wetu apumzike," Miraji alisema. "Silaha inataka mkono mbichi."

"Na mdomo uliofungwa," akasema Tamimu akimtazama Miraji, watu wakacheka.

Mzee Sufiani alikuwa ameshalilaza gobori mezani. Kiganja chake kilibaki juu ya kitako cha gobori, hakikuondoka. Bi. Mwanabaraka alikitazama kiganja kile, akasimama.

"Mwenyekiti, gobori halikubuma. Nguruwe nilikuwa mimi."

Kisha mtu wa nyuma akauliza, "Bibi, na mkia uliuficha wapi?"

"Chini ya kanga, pamoja na boga," akajibu. "Futari ilikuwa tamu, Mungu anisamehe. Mzee aliniona, akageuza uso. Mnamcheka kwa stara aliyonisitiri mimi."

Haruni akamgeukia Mzee. "Ni kweli?"

"Mimi sikuona mtu," Mzee Sufiani akasema. "Lilibuma."

"Mzee Sufiani, acha uongo, umefunga," Bibi akamkemea. "Litoe nje ulipige."

Akalitoa. Akashindilia baruti, akaelekeza mbinguni. Mlio uliotoka ulimkalisha Miraji juu ya robota lake, na mbuzi watatu wa Haruni wakaonekana kesho yake, karibu na Ikwiriri.

Moshi ulipotawanyika, Mzee alilitazama gobori kwa mshangao. "Leo limesahau," akasema.

Haruni akalirudisha mikononi mwa Mzee. Bibi akahukumiwa kumpikia Mzee futari mpaka mwezi uandame, kwa maboga ya Mzee mwenyewe, ya kupewa safari hii.

Jioni ile aliingia jikoni akamkuta mkwewe Zamda, adhana bado, kidole kimo kwenye tui na midomo inang'aa.

Zamda akaganda. "Mama," akasema taratibu, "nibumie."

Bi. Mwanabaraka akakohoa, akageuka kuhesabu kuni.